Mwalimu Mgeni Katika Shule ya Mjini: Safari ya Ukunda na Msambweni

Mtu atokaye Mombasa kwenda nchi ya Kwale siku hizi ana njia mbili. Aweza kuvuka maji kwa feri ya Likoni, kama walivyovuka wazee wake, akisimama baina ya malori na mikokoteni huku meli za shehena zikipita taratibu kuelekea Kilindini; au aweza kuzunguka kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, asiione feri hata mara moja. Mimi nilifuata njia ya feri, maana ilikuwa siku ya kufungua shule, nami nilitaka kuwaona walimu. Niliwaona wengi. Wale wakongwe walikuwa wamejikusanya kivulini wakizungumza habari za madeni na bei ya unga. Vijana walikuwa kando, viatu vimepigwa rangi, kila mmoja na bahasha yake mkononi, na ndani ya bahasha barua ya kumpeleka katika shule asiyoijua.

Hao vijana ndio walionitoa nyumbani. Kila mwaka vyuo vikuu vyetu hutoa walimu wa sekondari kwa maelfu, na magazeti hujaa picha za majoho na kofia. Lakini ni nani amfundishaye mwalimu huyo kazi ya shule ya mjini, yaani shule ya kutwa, ambayo mwanafunzi huingia asubuhi na kutoka jioni, kisha akapotelea mitaani mpaka kesho yake? Niliuliza swali hilo tangu Likoni hata Msambweni, na majibu niliyoyapata ndiyo habari yangu ya juma hili.

Barabara yenyewe ni njema. Ukishaacha Likoni na kupita Ng'ombeni, minazi hukupokea upande huu na huu, na miembe, na mikorosho iliyoinama kwa uzee. Huko Waa ndiko serikali ya kikoloni ilikofungua shule katika miaka ya 1920, wakati ambapo Wadigo wengi, kwa kuwa ni Waislamu, hawakupenda kuwatia watoto wao katika shule za misheni. Jambo hilo halifai kupitwa kwa haraka. Kwa muda mrefu shule za sehemu hizi zilikuwa chache, na walimu wengi waliozifundisha walitoka mbali. Hata leo mwenyeji wa hapa haoni ajabu mwalimu akiwa mgeni. Ajabu kwake ni mgeni huyo kukaa.

Penye njia panda ya Kombani barabara moja hupanda vilima vya Shimba hadi Kwale mjini, makao makuu ya kaunti, mji wa maafisi na upepo mwanana, ambao usiku huwa kimya kama kijiji. Sisi hatukupanda. Tulipita Tiwi, tukavuka Mto Mwachema, ule uingiao baharini karibu na msikiti wa kale wa Kongo, na punde si punde tukawa Ukunda.

Hapo ndipo penye mji. Mtu aliyepajua Ukunda wakati wa Uhuru, akirudishwa leo amefumbwa macho, angedhani ameshushwa mahali pengine. Hoteli za Diani zilizoongezeka tangu miaka ya 1970 ziliwaita wapishi, madobi, waashi, madereva, wachonga vinyago na wapiga ngoma. Baadaye ulikuja mgodi wa titani katika vilima vya nyuma yake, ulioanza kutoa mchanga wake mwaka 2013 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2024. Kila kazi ilileta watu, na kazi zilipokwisha watu hawakuondoka wote. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 866,820 katika kaunti nzima ya Kwale, na katika miji yake yote hakuna uushindao Ukunda kwa wingi wa watu. Ukitembea Mvindeni, Maweni, Bongwe au Kona ya Musa utasikia Kidigo mlangoni, Kikamba dukani, Kijaluo penye fundi wa pikipiki, na Kiduruma cha akina mama waliotoka Kinango kuuza makaa. Nyumba nyingi ni za vyumba vya kupanga. Jirani wa mwezi huu huenda asiwe jirani wa mwezi ujao.

Katika mji wa namna hii ndimo shule ya sekondari ya kutwa ilimo, na ndimo mwalimu mpya anamoingia na bahasha yake.

Sasa tazama namna mwalimu huyo anavyotengenezwa. Katika miaka ya 1960, nchi ilipokuwa na kiu ya walimu wa sekondari, kilifunguliwa Nairobi chuo cha kuwafundisha walimu wa sayansi, kwa msaada wa nchi ya Sweden. Na mwaka 1967 ikaundwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, ambayo wengi huijua kwa herufi zake tatu, TSC. Siku hizi njia kubwa ni chuo kikuu. Pwani tunacho chetu huko Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoanza mwaka 2007 kuwa chuo kishiriki cha Kenyatta na kupata hati yake mwaka 2013. Mwanafunzi husoma miaka minne. Hujifunza masomo mawili atakayofundisha, kama vile hesabu na fizikia, au Kiswahili na dini. Hujifunza tabia za watoto na historia ya elimu. Hujifunza kuandika azimio la kazi na andalio la somo. Kisha hupelekwa shuleni muhula mmoja kwa mazoezi. Mkaguzi kutoka chuoni huja siku chache, hukaa dawati la nyuma, hutazama ubao, hutazama saa, huandika alama, akaenda zake.

Sina neno baya juu ya mafunzo hayo. Mwalimu asiyejua somo lake ni hasara, na hapana ukarimu wowote utakaolipa hasara hiyo. Lakini wengi wa vijana hawa walisoma katika shule za bweni, na wakati wa mazoezi wengi hujitafutia shule karibu na kwao, mara nyingi zile zile za bweni walikosoma. Katika shule ya bweni mwanafunzi yumo mikononi mwa mwalimu tangu kengele ya alfajiri hata taa za usiku. Akila waona, akilala wajua. Mtu akafundishwa humo, akafanya mazoezi humo, kisha akapelekwa Ukunda, ni kama nahodha aliyejifunza usukani katika ziwa akapewa jahazi la kusi.

Nitasimulia habari moja niliyoipata huko, bila ya kutaja shule wala watu.

Mwalimu mmoja kijana, mtu wa bara, fundi wa hesabu, alikabidhiwa darasa la Kidato cha Pili. Darasa lilikuwa limepita kiasi, kama yalivyo madarasa mengi tangu mwaka 2018, serikali ilipoagiza kwamba kila amalizaye shule ya msingi apate nafasi ya sekondari. Chumba cha watu 45 kilikuwa na zaidi ya 60. Miongoni mwao alikuwamo mvulana mwenye akili ya hesabu kuliko wenziwe, lakini mtoro. Hukosa siku tatu au nne, kisha huja kama kwamba hakuna lililotokea, tena huja kwa juma moja na zaidi bila ya kukosa hata siku moja. Mwalimu alimwonya. Alimpa adhabu ya kufyeka nyasi. Mwishowe alimrudisha nyumbani akamlete mzazi, na mvulana hakurudi kwa majuma mawili.

Katika shule hiyo yuko naibu wa mwalimu mkuu, mama wa makamo, mwenyeji wa pwani hii ya kusini. Siku moja katika majilisi ya walimu alimwambia yule kijana, "Mwanangu, lete rejista yako." Akaileta. "Haya, nionyeshe siku alizokosa." Akamwonyesha. "Unaonaje?" Kijana akasema, "Mama, naona utoro." Yule mama akacheka kidogo, akasema, "Wewe ni mwalimu wa hesabu. Hesabu basi siku toka utoro huu hata utoro ule, kisha usiku utoke nje utazame mwezi."

Kijana alihesabu. Kila baada ya majuma mawili, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, mvulana alikosa. Ndizo siku za bamvua. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa, lakini kwa ajili ya wasomaji wa bara nitasema: siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na pwani hii maji hayo hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana. Mwamba huwa wazi, na wenye kutafuta pweza huingia na mikuki yao mifupi mashimoni. Saa hizo ndizo saa za darasa. Siku za maji mafu hapana pweza wa kutosha, kwa hiyo mvulana huja shuleni. Alikuwa anaishi na bibi yake, na pweza ndiye aliyewalisha wote wawili na kununua daftari.

Hapakuwa na kitabu cha chuo kikuu kilichoandikwa jambo hilo, wala sidhani kitaandikwa, kwa kuwa mji mwingine una bamvua lake la namna nyingine. Ukimwuliza mwalimu wa mtaa wa Nairobi atakutajia soko la alfajiri. Lakini yule mama alilijua, na alilijua kwa sababu amekaa. Alikwenda kwa bibi, akazungumza na mjomba wa mtoto, wakapatana kwamba siku za bamvua mjomba aingie mwambani na mtoto apewe sehemu yake kwa kazi ya Jumamosi na Jumapili. Mwalimu wa hesabu naye alikubali kumngoja jioni kwa masomo yaliyompita. Mvulana bado hukosa siku moja moja, hasa mjomba akiugua. Lakini anasoma.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa kuwa mengine mengi niliyoambiwa ni ya ukoo huo huo. Mathalani karo. Serikali ililichukua gharama ya masomo ya sekondari za kutwa tangu mwaka 2008, lakini yako malipo ya chakula cha mchana, na sare, na mengineyo. Mwalimu mgeni huona baba mwenye kazi ya hoteli akilipa vizuri Januari na kushindwa Mei, akadhani ni mjanja. Hajui kwamba baada ya Pasaka, mvua za masika zikianza, watalii hupungua, hoteli huwapa watumishi likizo isiyo na mshahara, na nyumba nzima hungoja Julai. Mwaka 2020 ulikuwa msimu mmoja mrefu wa namna hiyo: maradhi ya korona yalifunga hoteli na shule pamoja mwezi wa Machi, na madarasa mengi hayakurudi hata Januari 2021. Wapo vijana wa Ukunda waliojifunza kuendesha bodaboda katika miezi hiyo na hawakuiacha tena.

Au chukua ibada. Ijumaa adhuhuri nusu ya darasa huenda msikitini, na mwalimu aliyepanga mtihani saa hiyo amejipanga mwenyewe kugombana na wazazi. Mwezi wa Ramadhani mtoto aliyeamka kula daku hawezi kukimbia uwanjani saa nane kama mwenziwe. Jioni wengi huenda madrasa, kwa hiyo kazi ya kufanyia nyumbani inayochukua saa mbili hufanywa usiku, penye taa ipo, au haifanywi. Hayo yote mwenyeji huyajua bila kufundishwa, na mgeni hufundishwa kwa kosa.

Lugha nayo ina mitego yake. Walimu wengi wa bara hudhani kwamba mtoto wa pwani hana haja ya kufundishwa Kiswahili. Wenye darasa hawasemi hivyo. Mtoto wa Kidigo husema Kidigo nyumbani, Kiswahili cha mtaani sokoni, na ufukweni maneno ya Kiitalia na Kijerumani aliyoyaokota kwa watalii. Akija katika mtihani huandika kama anavyosema, na alama humkimbia. Kwa upande mwingine, mwalimu wa bara akikosea upatanisho wa maneno mbele ya darasa, watoto hucheka, naye akikasirika amekwisha. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliniambia kwamba aliponea pale alipowaambia wanafunzi wamsahihishe, kila sahihisho liandikwe ubaoni na sababu yake itafutwe. Naona hilo lilikuwa somo bora la sarufi kuliko lolote aliloandaa.

Liko jambo zito zaidi, ambalo watu wa adabu hawapendi kulitaja gazetini, nami nitalitaja. Mnamo Desemba 2006 Serikali pamoja na UNICEF walitoa uchunguzi wao juu ya watoto wanaoharibiwa na biashara ya ufukweni katika pwani ya Kenya, Diani ikiwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa. Ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa sehemu za watalii walikuwa wametiwa katika uovu huo, na si wageni peke yao waliokuwa wanunuzi, hata wenyeji walikuwamo. Ni miaka mingi sasa, na hesabu za leo ni nyingine. Lakini mwalimu wa mji wa hoteli hawezi kusema kwamba jambo hili halimhusu. Msichana aliyekuwa akija na viatu vilivyotoboka akaja ghafula na simu ya bei kubwa, au aliyekuwa akicheka akanyamaza, huonwa kwanza na mwalimu wa darasa, maana mzazi yuko kazini toka alfajiri. Je, kijana huyu amefundishwa la kufanya? Wengine niliozungumza nao hawakujua hata afisi ya Afisa wa Watoto iko wapi. Hawakujua kwamba tangu mwaka 1994 serikali imeruhusu msichana aliyezaa arudi shuleni, wala kwamba Tume yao ina waraka wa mwaka 2010 unaomtaka kila mwalimu mwenye habari za mtoto kuharibiwa, hata kama mharibifu ni mwalimu mwenzake, azipeleke mbele. Walijua Piaget. Ni vema kumjua Piaget, lakini Piaget hayuko Ukunda.

Na kiboko? Kiliondolewa shuleni kwa sheria mwaka 2001. Vijana hawa wengi wao walichapwa wakiwa wadogo, wakaambiwa chuoni kwamba wasichape, na hawakuonyeshwa kwa macho namna mwalimu mmoja anavyotuliza watu 60 bila fimbo. Jambo la namna hiyo haliwezi kuandikwa katika andalio la somo. Huonwa. Nilikaa nusu saa nyuma ya darasa la yule mama naibu. Aliingia, akasimama, akamwuliza kijana mmoja wa dirishani kama nduguye ametoka hospitali. Darasa zima likanyamaza kusikiliza jibu. Kisha akaanza somo.

Serikali haikukosa kabisa kuliona pengo hili. Tangu mwaka 2019 hivi, Tume ilianza kuwachukua walimu wapya kwa mwaka wa mafunzo ya kazini, kwa posho, wakae chini ya mwalimu mwenye uzoefu kabla ya kuajiriwa. Nia ilikuwa njema, nami naisifu. Lakini walimu walipokuwa wachache, hasa baada ya sekondari ya chini kuanza Januari 2023, wale wa mafunzoni walipewa vipindi kamili kama walimu kamili, kwa posho ile ile, na nani wa kuwalea? Walilalamika, wakaenda mahakamani, na Aprili 2024 mahakama ya kazi ikaamua kwamba Tume haikuwa na mamlaka ya kuwaweka kwa namna hiyo. Januari 2025 walimu wapatao 46,000 wa sekondari ya chini waliingizwa katika kazi ya kudumu. Haki yao ilikuwa hiyo. Ila katika ugomvi wa mshahara lile la kulea lilisahauliwa na pande zote mbili, na hata leo sijasikia mtu akilidai.

Jioni nilishika matatu kwenda Msambweni, kwa kuwa yule mama hukaa huko na huja Ukunda kila siku. Njiani tulipita Gazi, alikokaa Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, yule aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895 na 1896. Nyumba yake kubwa iliwahi kutumika baadaye kuwa shule ya watoto, jambo ambalo sijui kama angelifurahia. Mikoko ya Gazi nayo ina sifa zake siku hizi: wanakijiji huitunza kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, huuza nje hesabu ya hewa chafu inayofyonzwa na miti hiyo, na baadhi ya fedha hununua vitabu vya shule. Mwalimu wa biolojia aliyeko Ukunda ana darasa la bure hapo, safari fupi tu ya matatu. Nilipouliza, wawili kati ya watatu hawakuwa wamefika.

Msambweni ni mji mwingine kabisa. Una hospitali kubwa, soko, misikiti, na wavuvi. Lakini watu wanajuana. Mwalimu mgeni akishuka hapa, kabla ya magharibi mzee wa mtaa amekwisha kujua ametoka wapi, ana watoto wangapi, na nyumba ipi ina chumba. Asipofika kazini ataulizwa njiani na muuza samaki. Mji kama huo humlea mwalimu wenyewe, apende asipende. Ukunda haumlei mtu. Mwalimu mmoja kijana aliniambia alipanga chumba Ukunda miezi minne bila ya jirani hata mmoja kumwuliza jina. Alisema hivyo kama mtu anayesifu uhuru, lakini alirudia mara mbili.

Wako pia wanaoogopa. Machafuko yaliyoanzia Likoni Agosti 1997, ambayo yaliwafanya watu wengi wa bara kukimbia pwani hii ya kusini, walimu wakiwamo, hayajasahauliwa makwao. Mama wa kijana wa hesabu alimwambia asikae zaidi ya mwaka mmoja. Yeye mwenyewe ana miaka mitatu sasa, na hana habari ya ubaya aliotendewa na mtu.

Yule mama alinikaribisha barazani kwake, akaniletea chai na mihogo, akanionyesha daftari. Ni daftari la kawaida la kurasa 200, lililofungwa kwa gundi mgongoni. Kwa kila mwanafunzi wa darasa lake ameandika mistari miwili au mitatu: anakaa na nani, mtaa gani, mlezi anafanya kazi gani, miezi ipi ni migumu, simu ya jirani. Kila mwalimu mpya akija, Jumamosi ya kwanza humchukua kwa miguu, Mvindeni mpaka Bongwe, huingia nyumba sita au saba, hunywa maji, huamkia wazee, hurudi. Hafundishi neno lolote siku hiyo. Mwalimu mpya hushika shikamoo yake na kutazama.

Nilimwuliza kama amepunguziwa vipindi kwa kazi hiyo. Alinitazama kama niliyeuliza kama bahari imepunguziwa chumvi. Vipindi vyake ni vile vile, na kazi ya unaibu juu yake. Hapo ndipo nilipokata shauri kwamba dawa si ngumu, wala haihitaji jengo jipya. Vyuo viwapeleke wanafunzi wao katika shule za kutwa za mijini, Ukunda, Likoni, Kisauni, angalau kwa nusu ya muhula wao wa mazoezi, na mkaguzi, badala ya kukagua ubao peke yake, aulize, "Huyu wa dawati la tatu analala wapi?" Na katika kila shule ya mjini awekwe mwalimu mmoja mwenye makamo, apunguziwe vipindi vinne au vitano kwa juma, awe na kazi ya kuwalea wageni, na kazi hiyo iandikwe katika faili lake anapoomba kupandishwa cheo. Watu watasema hakuna walimu wa kutosha kujaza vipindi hivyo. Ni kweli hawatoshi. Lakini hesabu vipindi vinavyopotea kila mwaka kwa walimu wapya wanaoomba kuondoka, au wanaokaa na mioyo yao imekwisha kuondoka, ndipo useme.

Mwalimu wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60, na yule mama atatimiza miaka hiyo mwakani. Ameanza kunakili kurasa za Kidato cha Tatu katika daftari jipya, kwa mkono, baada ya sala ya isha. Nilimwuliza atamwachia nani. Alisema alikuwa akimtumainia kijana wa hesabu, ambaye sasa huenda mitaani peke yake na wazee humwita kwa jina. Lakini Tume, ambayo mwaka 2018 ilianza kuwapeleka walimu mbali na makwao, baada ya malalamiko imekuwa ikiwarudisha, na kijana naye ameandika barua yake. Mama yake ni mgonjwa. Anangoja jibu.